Jagi la Bertha

Bertha alikuwa mpishi wa Bi Jumana, Chumbageni, miaka na miaka, na tokea masika yabomoe choo cha uani alikuwa hanywi maji mchana. Cha ndani kilikuwa haramu kwake. Siku aliyokiomba, Bi Jumana alimjibu mbele ya wageni:

"Nyie watu wa karatasi hamjui kuchamba. Mtanitilia najisi nyumba nzima."

Wageni wakacheka. Kuomba tena? Hata. Akawa anajibana mpaka jioni afike kwake Pongwe, midomo imemkauka.

Ndipo ubavu ukamshika, akaanguka jikoni akitapika. Bi Jumana akampeleka hospitali.

Daktari akasema jiwe limetoka kwenye figo, limekaa kwenye mrija wa mkojo. Anywe maji mengi na dawa, huenda likatoka lenyewe. Ipo mashine ya kulivunja kwa nje, ila mpaka Dar es Salaam. Ipo kamera ya kupitishwa njia ya mkojo, livunjwe humo humo. Kisu mwisho kabisa.

"Nataka kamera," Bertha akasema. "Maji siyawezi."

"Maji gani hayo yasiyowezekana?" Bi Jumana akamgeukia daktari. "Atakunywa. Mimi nitamsimamia."

"Basi arudi baada ya wiki mbili tumpige picha, hata kama maumivu yameisha."

Kila asubuhi Bi Jumana akaweka jagi mezani. Fundi wa choo alikuwa wa kesho, na kesho yake. Bibi akigeuka tu, Bertha anaumwagia mwasumini wa mlangoni jagi zima.

Maumivu yakapoa.

"Unaona? Na wewe ulitaka kuchokonolewa." Siku ya kurudi hospitali kulikuwa na khitma. "Ukienda, pilau apike nani?"

Bertha akapika. Miezi ikapita, homa ikamlaza. Jiwe halikutoka kamwe. Liliziba mkojo, figo ikaoza. Sasa hapakuwa na la kuchagua. Ilikuwa ya kukatwa na kutupwa.

Bi Jumana akaja wodini, kichwa kimejaa maasumini.

"Maji nilikupa kwa mkono wangu. Hukunywa, mkaidi wewe."

"Nilinywesha hayo hapo kichwani kwako."

Bi Jumana akayashika, akayapanga vizuri, akaondoka.

Wiki ile ile akachukua mpishi mwingine, binti wa Mwera. Choo bado. Naye hanywi maji mchana.