Kamba za Ng'ombe Mbele ya Karani

Yule karani wa banki ya Goma sijamsamehe, na sina mpango wa kumsamehe.

Vita vilipokaribia malisho yetu kule Masisi, mama yangu aliuza ng'ombe wote haraka haraka, akakimbilia kambi ya Kitshanga. Mimi nikapeleka feza banki. Karani alizipokea, kisha akaviangalia viatu vyangu, vilivyokuwa bado na matope.

"Papa, feza hii inatoka wapi?"

"Ni ya ng'ombe."

"Leta ushahidi. Sheria inatuomba turipoti kila feza yenye mashaka."

Kwetu anayeuza ng'ombe hubaki na kamba yake, maana mnunuzi huja na ya kwake. Ukiwa na kamba mkononi, hakuna anayebisha kwamba uliuza. Basi nikaenda Kitshanga kuchukua kamba kwa mama, nikarudi kuzipanga mbele ya karani. Zilikuwa bado zinanuka zizi.

Akazisukuma kwa ncha ya kalamu. "Papa, toa huu uchafu." Akaripoti, na feza yetu ikazuiliwa, huku mama analala chini ya hema la plastiki.

Nilikuwa bado nazikusanya kamba zangu alipoingia mkubwa wa kizuizi cha barabara ya Walikale, yule aliyewanyang'anya wachimbaji mawe yao ya madini kwa bunduki. Askari wake walibeba mifuko ya noti. Karani alisimama, akamuuliza swali moja tu: kama atakunywa chai ao kahawa.