Mtu wa Kuangalia Taa za Nyuma

Alhamisi, tarehe kumi Julai. Baridi, na manyunyu tangu asubuhi. Nguo za jana bado ziko kwenye kamba, hazijakauka.

Naandika haya yakiwa mabichi kwa sababu najijua. Nikiyalaza, kesho nitayapunguza pale panaponiumiza. Wewe unayesoma, kama huamini mambo ya namna hii, hata mimi sikuwa naamini, na mahali pa kutilia shaka nitakuonyesha mwenyewe. Lakini yametokea. Yametokea kwangu, kule Ziwani ninapofanya kazi ya waya za magari, tena si usiku wa manane. Ilikuwa jioni tu, watu wakinunua mkate.

Jumatatu nililetewa lori na Kamau, dereva wa Mama Njeri. Ni lori dogo la kubeba mchanga na kokoto. Mama Njeri alitaka liongezwe taa mbili kubwa kule nyuma, za kuwaka dereva akiingiza gia ya kurudi, na sababu alinieleza kwa simu bila kuzunguka. Mwaka jana taniboi wake, yule msaidizi wa dereva, kijana aliyeitwa Wafula, alibanwa ukutani lori hilo hilo likirudi nyuma gizani. Dereva wa wakati ule akaacha kazi. Kamau ni mgeni, hakuwahi kumjua Wafula.

"Fundi," Mama Njeri aliniambia, "sitaki kuzika mtoto wa mtu tena."

Kwa hiyo usifikiri ilikuwa kazi ya urembo. Mimi pia nililijua hilo vizuri, ndiyo maana naona haya.

Nikafunga taa, nikavuta waya kutoka kwenye swichi ya gia, nikaweka fyuzi yake. Kazi ilienda vizuri mpaka waya wa mwisho, ule wa athi, unaofungwa kwenye chesi, fremu ya chuma ya lori, ili moto wa betri upate njia ya kurudi. Hapo fundi hukwangua rangi mpaka chuma king'ae. Mimi sikukwangua. Niliukaza juu ya rangi, nikaubana kwenye bolti moja na waya wa taa za breki. Mgongo ulikuwa umelowa, nikajiambia inatosha.

Kamau alikuwa amevuka barabara kunywa chai. Sasa, kupima taa hizi vizuri kunataka watu wawili, mmoja ndani kwenye pedeli na mwingine nyuma, aseme anachoona. Kwenye kioo cha pembeni nikaona mtu amesimama nyuma ya lori, amejifunika gunia kichwani kama wapakiaji wafanyavyo mvua ikinyesha. Nikamwomba aniangalizie.

Nikaingiza gia. Nikauliza kama zimewaka, akasema zimewaka. Nikawasha taa ndogo, nikakanyaga breki, kwa sababu hakuna dereva anayerudi nyuma kichochoroni bila mguu kwenye breki.

"Zimezima, fundi."

Nikashuka kuona. Zilikuwa zinawaka, zimemulika matope yote. Nikamtazama yule mtu. Uso ulikuwa ndani ya gunia, nikaona kidevu tu. Nikapanda, nikakanyaga tena. Akasema zimezima. Nikashuka. Zinawaka. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Mimi nilifikiri ananichezea. Na nitaandika nilichomwambia jinsi nilivyokisema:

"Wewe unaona na macho ama na chang'aa?"

Hakukasirika. Alijibu polepole, kama mtu anayemwombea mwenzake. "Bado, fundi. Usimpe dereva hivyo."

Nikamwambia akatafute kazi yake. Nilikuwa napanda kuzima swichi nikasikia ubao wa nyuma umegongwa kwa kofi, mara tatu. Kwetu lori hugongwa mara moja lisimame, mara mbili liende. Mara tatu sijawahi kusikia. Nikaruka chini nimtukane vizuri, nikakuta hakuna mtu. Matope ya nyuma yalikuwa na alama za viatu vyangu peke yangu. Niseme haki: mvua ilikuwa inanyesha, na mvua hufuta alama. Lakini zangu hazikuwa zimefutika.

Unadhani niliogopa? Nilifurahi ameondoka. Kamau aliporudi nikamwambia imekubali, nikamwonyesha taa zikiwaka, wote wawili tumesimama nje, hakuna mguu wa mtu kwenye breki. Akaenda nalo.

Leo asubuhi lori limerudi, Kamau na Mama Njeri wote ndani. Kamau akanisalimia kwa mikono miwili. Akanieleza kwamba jana jioni alikuwa anarudi nyuma kwenye kichochoro cha Huruma akamwage mchanga, taa zikamzimikia katikati. Giza, stima ya mtaa imepotea. Akajiambia amalizie tu, ni hatua chache. Ndipo ubao ukagongwa. Akasimamisha, akashuka, akamkuta mtoto wa kike ambaye hata shule hajaanza, amechuchumaa nyuma tu ya gurudumu la nyuma, anaokota kandambili yake.

"Ni yule mtu wako, wa gunia kichwani, aliyegonga," Kamau akasema. "Fundi, uko na kijana wa maana. Lakini si mtu wa maneno, eh? Alisema tu nimwambie fundi, bado. Bado nini?"

Nikainama kuchukua spana. Mama Njeri ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo, ubao uligongwa mara ngapi.

"Tatu. Hata nilishangaa."

Mama akakaa juu ya tairi kuukuu. Akasema dereva wake wa zamani alikuwa na sikio bovu, ndiyo maana Wafula alikuwa akimgongea mara tatu.  Kamau akatoa simu na kuiangalia, na haikuwa imelia.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema kweli. Mdomo ulifunguka kabisa. Kilichotoka ni kwamba maji yameingia kwenye waya. Ndivyo nilivyosema, mbele ya mama aliyezika.

Nikajilaza chini ya lori, nikakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, nikaupa waya bolti yake peke yake. Na huko chini ndiko nilikoelewa: breki ikikanyagwa, taa zote ziligombania athi ile mbovu, zangu zikazima; na Jumatatu kila niliposhuka kuangalia, mguu wangu ulishuka nami, breki ikaachiliwa, taa zikarudi. Yule mtu alisema kweli mara zote. Safari hii Kamau alikanyaga, mimi nikasimama nyuma. Zikakaa zimewaka. Nikasema kwa sauti ya chini, "Zimewaka." Kamau akadhani naongea naye, akajibu sawa.

Nilidhani yameisha. Jioni, nikiwa nyumbani, maana mimi pia naishi Huruma, nyanya wa yule mtoto akabisha hodi, kuku jike kwapani. Kamau alikuwa amemwelekeza. Kwao magharibi mwa Kenya huwezi kushukuru uhai wa mjukuu kwa mdomo mtupu. Ningeweza kumwambia sina kijana. Ningeweza kumwambia mimi ndiye niliyezima zile taa. Nilimpokea kuku. Akiwa mlangoni akageuka.

"Na yule kijana wako, mwanangu, umwekee paja. Usimsahau."

Nikasema nitamwekea.

Huenda ni mpakiaji wa kawaida tu, aliyekuwa Ziwani Jumatatu na Huruma Jumatano. Naliacha hilo, ni haki yako kutilia shaka. Lakini mchana huu nilikuwa napima taa za gari jingine, nikauliza nje kama zimewaka, kisha nikakumbuka kwamba niko peke yangu. Nikaziba masikio. Mtu mzima, nimeziba masikio ndani ya gari la wenyewe. Sijui kazi hii nitaifanyaje.

Wewe, kama kazi yako inataka mtu wa kusimama nyuma akuangalizie, na akakwambia bado, usimuulize amekunywa nini. Acha mguu pale pale ulipo, umwite mwingine aangalie. Na kama kosa ni lako, liseme siku hiyo hiyo, kabla watu hawajakuletea shukrani.

Tumekula ugali, kuku wa kuchemsha na sukuma wiki. Watoto wamefurahi sana. Paja moja limebaki kwenye sufuria, nimelifunika kwa sahani. Mama watoto ameuliza ni la nani. Nimemwambia ni la mtu wa kazini. Ameuliza atalipitia lini.