Viti Kumi na Viwili vya Kesi ya Hopeton

Bi Ionie Bartley alikaanga samaki mbele ya mahakama ya mji wetu tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mawakili walikula kwake, polisi walikula kwake, na hata wezi waliopata dhamana walipitia kwake kwanza kabla ya kwenda kwa wake zao. Alikuwa na mtoto mmoja, Hopeton. Akapigwa risasi mchana kweupe mlangoni pa duka, na mtu mmoja akashikwa. Tangu hapo kesi ikawa ya kuahirishwa tu, na sababu ni ileile kila mara: jopo halijatimia.

Kesi ya mauaji inataka raia kumi na wawili wakae, wasikilize, kisha waseme mtu ana hatia au hana. Kumi na wawili tu, mji mzima huu! Lakini kila aliyeitwa alikuja na kisingizio mkononi. Mwalimu ana mitihani, karani wa benki anaumwa mgongo, mwingine eti anaozesha.

Asubuhi hiyo jaji alikuwa amechoka. Alisema jopo lisipopatikana leo, mshtakiwa atatoka kwa dhamana, maana hawezi kuozea rumande kwa uvivu wa watu. Walikuwepo saba. Basi akaikumbuka sheria ya zamani, akaamuru polisi waende barabarani wakamate wapita njia wajaze viti.

Bi Ionie, aliyekaa benchi la nyuma, alisikia vurumai akachungulia dirishani. Loo! Barabara nzima inakimbia. Muuza machungwa kayaacha machungwa yake, kinyozi kamwacha mteja nusu kichwa. Na hao ndio waliojaa kwake usiku wa tisa wa matanga ya Hopeton, wakala mchuzi wa mbuzi, wakanywa ramu na kugonga domino mpaka kukakucha, kila mmoja akiapa kwamba haki lazima itendeke. Damu ikamchemka. Alitoka mbio akasimama kwenye ngazi za mahakama.

"Mnakimbia nini, wanafiki wakubwa nyie? Mbuzi wangu mbona hamkumkimbia? Muuaji wa mwanangu yumo humu ndani, nyie mnatafuta pa kujificha!"

"Bi Ionie, punguza sauti," alisema Pansy, yule muuza machungwa, aliyejibanza nyuma ya gari la polisi. "Na wewe mwaka ule polisi walipokamata watu wa jopo, si uliingia chini ya meza ya samaki?"

"Niliingia, ndiyo! Na leo nimeujua ubaya wake. Toka hapo, Pansy, nenda ukakae!"

Wakaona haya. Pansy akatoka, kinyozi akatoka, wengine wakafuata, polisi wakawaingiza ndani. Viti vikajaa, na watu wengine wakazidi. Bi Ionie alifumba macho akamshukuru Mungu.

Ndipo wakili wa mshtakiwa akainuka, taratibu, kama mtu aliyekwisha kushiba.

"Mheshimiwa, mama wa marehemu amewatangazia hawa pale nje kwamba mteja wangu ndiye muuaji. Aliyemsikia hawezi kukaa kwenye jopo."

Jaji hakuwa na la kufanya. Aliwauliza mmoja mmoja: ulimsikia? Hapo ndipo ungewaona! Nyuso zilinawiri utadhani shule imefungwa.

"Nilisikia, Mheshimiwa!" alisema Pansy.

"Yote!" alidakia kinyozi.

Hata mzee Clovis, fundi viatu, kiziwi ambaye wateja humwonyesha kwa kidole kisigino kilichobanduka, alipoguswa bega na kuona wenzake wanavyoitikia kwa kichwa, alipaza sauti: "Neno kwa neno, Mheshimiwa!"

Watu wakacheka mahakamani, mama wa marehemu akiwa palepale. Aibu iliyoje! Wakabaki walewale saba, jopo likavunjika, jaji akatimiza neno lake, na kabla ya saa ya chakula mshtakiwa alikuwa anateremka ngazi na wakili wake, huru, akinyoosha shati lake.

Watu wa barabarani walirudi kwenye biashara zao. Walipomwona Bi Ionie anakusanya masufuria yake, wakamjia kwa upole, Pansy mbele na machungwa mawili mkononi.

"Pole, mama. Mungu yupo."

Bi Ionie hakuyapokea machungwa.

"Mungu yupo, na viti vipo. Nikifa, asije mtu matangani kwangu kula mbuzi, labda aletwe na polisi."