Plato wa Ghala la Saruji

Ghalani kwetu tulimwita Plato. Jina hilo alipachikwa na msimamizi wa zamani, mtu wa vitabu, siku alipomwona akibeba mifuko miwili ya saruji kwa mkupuo. Akatueleza kwamba Ugiriki ya kale palikuwa na mwanafalsafa aliyeitwa hivyo, maana yake mtu mpana, na kwamba inasemekana lilikuwa jina la utani tu. Lile alilopewa na wazazi likamezwa. Tukacheka, jina likaganda. Mwenyewe, mpole kupindukia, alilipenda mpaka akaliandika kwenye kikombe chake cha chai.

Miaka kumi na moja tumekula naye sahani moja. Asubuhi ile rundo la mifuko likamporomokea mguuni, akazimia. Niliyemfikisha hospitali ni mimi, na mapokezi walipouliza jina nikajibu bila kusita: Plato. Nikajiona nimefanya la maana.

Daktari akasema mguu haupati damu, apasuliwe haraka, ila anatakiwa ndugu wa kuweka sahihi. Mkewe, ambaye sikuwahi kuonana naye, alishapelekewa habari. Nikakaa kwenye benchi kumsubiri, huku nikimlaani kimoyomoyo kwa kujivuta. Pembeni yangu akaja kukaa mama mmoja, viatu mkononi, analia.

"Pole, mama. Una mgonjwa?"

"Mume wangu. Nimezunguka wodi zote, saa mbili sasa. Kila daftari wanasema hayumo."

"Labda yuko hospitali nyingine."

"Aliyeleta habari kasema ni hapa hapa. Kaangukiwa na saruji kazini."

Nikasimama ghafla.

"Shemeji," nikasema, "mumeo yuko mlango wa tatu."

Alikimbia, nami nikamfuata. Daktari akatutazama, akasema saa mbili zilizopita angeahidi kuuokoa mguu; sasa haahidi kitu. Shemeji akaweka sahihi, kisha akanisukumia fomu.

"Hapo juu wanataka jina lake, jaza wewe. Si wewe rafiki yake wa kazini? Kila siku anakutaja."

Nikaishika kalamu. Ikanibidi nimuulize mumewe anaitwa nani.