Sheria ya baba ya makaburini

Jamani, leo nimeliamkia kaburi.

Mnaukumbuka mchezo wetu wa gofu kule kijijini Unyambwa? Marehemu baba aliuanzisha kwenye shamba letu la alizeti likishavunwa, na sheria akatunga mwenyewe. Mpira ukitua kwenye mavi ya ng'ombe, unausogeza bila adhabu. Ukiangukia makaburi ya ukoo, unatoa shikamoo kwanza, ndipo unauokota.

Sisi tulikuwa tunaamkia huku tunacheka. Yeye hata tabasamu hana.

"Rudia. Hawajasikia."

Leo tumecheza kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Mpira wangu, kati ya sehemu zote, ukaenda kutua juu ya tuta lake la udongo.

Nikainama. "Shikamoo, baba."

Nikajikuta nasubiri marahaba.

Nyuma yangu kaka akasema:

"Rudia. Hajasikia."