Nilivyoomba Kitumbua Ukweni Mashewa

Aibu hii Mashewa yote inaijua na huku Kwaluguru imeshafika, kwa hiyo bora muisikie kwangu, maana wapita njia wameongeza kwamba nilicheza ngoma, na ngoma sikucheza.

Nilikuwa mnene, na si unene wa shibe tu, maana bodaboda mmoja wa Handeni aliniambia, "Mzee, subiri fuso." Sukari ikawa juu, miguu inawaka, ndipo binti yangu aliyeolewa Dar akanipeleka hospitali, wakanipasua, tumbo la chakula wakalipunguza likabaki kama yai la bata. Nikakonda, sukari ikatulia, nikajiona kijana. Nesi alinionya: "Babu, kitamu usikikimbilie tumbo likiwa tupu. Sukari itapanda ghafla halafu itaporomoka, utaanguka. Anza na yai au maharage, kidogo kidogo." Nikasema sawa mjukuu wangu.

Basi mdogo wangu Mhina akanipa ushenga wa mwanawe, tukaenda Mashewa kumposa binti wa Mzee Hoza. Njiani nikamwambia, "Habari za kupasuliwa tusizitaje, watasema wanaoza kwa wagonjwa." Uamuzi ulioniponza ni huo, mdogo kama punje ya ulezi.

Shikamoo zilipokwisha, shangazi wa binti akaleta vitumbua na chai ya maziwa, tamu ya kunatisha midomo. Ukikataa chakula cha wakwe umewakataa na wao, na sababu sikutaka kuisema, kwa hiyo nikamaliza kikombe na vitumbua vitatu, tena haraka haraka kama mtu mwenye afya zake. Wakazungumza mvua, wakazungumza mahindi (Wasambaa hawaendi kwenye jambo bila kulizunguka kama mlima), mpaka nikaambiwa, haya mshenga, sema.

Kusimama tu jasho likanitoka, ulimi mzito. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, kwamba tumeona ua katika bustani yenu. Yakatoka haya: "Tumeona kitumbua katika nyumba yenu, tumekuja kukiomba."

Kina mama wakajifunika khanga usoni. Vijana nje walicheka mpaka wakashikana (waulizeni wao neno hilo wanalitumia kwa kitu gani, mimi sisemi). Mhina akaninong'oneza, "Kaka, umetutia mchanga kwenye kitumbua," kisha akagundua na yeye kalitaja, akajiziba mdomo.

"Huyu kalewa," mtu akasema.

Mimi, mtu wa swala tano. Nikajitahidi kueleza, likatoka neno moja tu: "Sukari... sukari..."

"Kumbe ana sukari," shangazi akasema, akaniondolea kikombe, akabeba na bakuli la sukari. "Mpeni maji, kitamu kitamuua."

Ndugu zangu, dawa yangu hiyo inaelekea jikoni. Nikaifuata kwa magoti, kofia imelala upande, nikadaka bakuli, nikatia vidole nikalamba mbele ya wakwe kama mbuzi aliyeona chumvi.

"Wazigua, njaa imefika huko?" Mzee Hoza akauliza (sisi na wao ni watani, lakini uso wake haukuwa wa utani).

Wakaniegemeza ukutani. Taratibu macho yakarudi, ulimi ukarudi. Cha kuficha sikuwa nacho tena, nikapandisha kanzu (suruali nilivaa), nikawaonyesha makovu, nikawaambia, "Sukari mnayoijua nyinyi hupanda. Yangu siku hizi huporomoka." Nikasimulia yote.

Mzee Hoza akayatazama makovu, akacheka kwa muda. "Kumbe ni hicho. Mimi nilishaamua kuwakatalia. Nilikuwa nakuona mnadani Handeni ukiwa pipa, leo umeingia ufito, nikasema ukoo huu una ugonjwa unafichwa, mwanangu haendi." Akamgeukia shangazi. "Mchemshieni mshenga yai. Akila aseme upya, ila kitumbua asikitaje."

Nikala yai, nikasema upya, na ua nikapewa. Harusi imepita, na nikiwatembelea maharusi, yule binti ndiye anayenipakulia, yai kwanza. Siku hizi popote ninapokaribishwa natangulia kusema, kifua mbele: mimi nimepasuliwa tumbo, naanza na yai, kitamu mtanisamehe. Hakuna aliyenichukia. Vitumbua sijaviacha kabisa, nakula nusu baada ya chakula, lakini nimeapa kutoviomba tena. Nikivitaka nanyoosha kidole.