Mkutubi Asiyejibu Akiwa Ameketi

Nilipiga simu kwenye maktaba yetu hapa Nakuru kuuliza jambo dogo la safu hii ya gazeti, kama nilivyofanya kwa miaka mingi, na simu ikapokelewa na mtu nisiyemtarajia. Nikamwambia nataka kuzungumza na mzee wa marejeo. Mama aliyepokea akasema, "Pole sana, boss. Kumbe hukuskia? Mzee alituacha Jumapili." Nikabaki na simu sikioni. Lile jambo nililotaka kuuliza likanitoka kabisa kichwani, na hata nilipokumbuka adabu nikatoa pole, sauti haikuwa yangu. Nilijua kifua kilikuwa kinamsumbua tangu baridi ya Julai, lakini mwenyewe aliniambia ni mafua ya uzee tu, na mimi kwa kuwa nilitaka kuamini, niliamini.

Nyinyi mnaonisoma hamkumjua, lakini mmekula jasho lake. Kila mara mlipokuta kwenye safu hii urefu wa mlima au asili ya jina la mtaa vikiwa sawasawa, huyo ni yeye. Mlipokuta kosa, hiyo ni siku niliyochoka kumngoja. Alikuwa mkutubi wa sehemu ya marejeo, ile pembe ya maktaba yenye vitabu ambavyo haviazimwi, vyenye kibandiko chekundu mgongoni: kamusi, atlasi, Gazeti Rasmi la Serikali, magazeti ya zamani yaliyojalidiwa mwezi kwa mwezi. Alikuwa mrefu, mwenye sweta la kijivu ambalo nashuku alizaliwa nalo, na goti la kushoto lililomuuma. Habari ya goti naileta makusudi, kwa sababu bila hilo hamtaelewa ukaidi wake. Mtu huyu hakuwahi kujibu swali akiwa ameketi.

Ukimwuliza kitu, hata kile ambacho mtoto wa darasa la nne anakijua, alisukuma kiti nyuma, akashika kona ya meza, akainuka huku akiguna, akakwambia, "Twende tuone." Mkaenda pamoja mpaka kwenye rafu. Hapo alikuwekea kitabu mezani, akakifungua kwenye faharasa, kisha akaondoa mkono wake ili kidole chako mwenyewe kitafute. Ilinikera sana. Nilikuwa nikimpigia simu huku mhariri akinipumulia shingoni, na nilichosikia ni simu ikilazwa juu ya meza na nyayo zake, moja nzito na moja nyepesi, zikienda zake. Siku moja nilimwuliza urefu wa Menengai. Akarudi baada ya muda mrefu.

"Nimepata mbili," akasema.

"Mbili nini?"

"Urefu. Kitabu hiki kinasema hivi, atlasi inasema vile."

"Mzee, mlima ni mmoja! Nipe ile ya ukweli, gazeti inaenda kuchapwa."

"Mimi sikupima mlima," akasema. "Andika zote mbili, na useme umetoa wapi. Msomaji si mtoto."

Nilikata simu nikanuna. Kisha nikaandika zote mbili.

Tabia yake ya pili ndiyo iliyowaudhi watu zaidi. Ukishasema unachotaka, alikuuliza, "Na ukishapata, unataka kukifanyia nini?" Vijana wa chuo walimwona mbea. Wazee walidhani anawachunguza kwa niaba ya chifu. Yeye aliniambia kwamba wakutubi wote hufundishwa hivyo: swali ambalo mtu huja nalo mezani, mara nyingi silo swali lake. Mtu huona haya, hulipunguza swali lake likawa dogo ili asisumbue watu, na ukimjibu hilo dogo atashukuru aende nyumbani mikono mitupu. Wenzake wengi walisoma kanuni hiyo, wakaifanyia mtihani, wakaisahau kwa sababu meza ina foleni. Yeye hakuisahau, na foleni ikamngoja.

Nitawapa kisa kimoja, kwa sababu nilikuwepo, meza ya pili kutoka dirishani, nikipekua magazeti ya zamani. Aliingia mama mmoja amevaa gambuti, ingawa nje kulikuwa kukavu. Alifika mezani akaongea kwa sauti ya chini kama aliye kliniki. "Mnaezanipatia kitabu ya lake?" Mama wa mezani, huyu huyu aliyepokea simu yangu juzi, wakati ule alikuwa mgeni kazini. Kwa moyo safi akamletea kitabu kizuri cha ziwa letu la Nakuru, chenye picha za flamingo. Yule mama wa gambuti akafunua kurasa mbili tatu, akasema asante, akaanza kukirudisha. Hapo ndipo niliposikia kiti kikisukumwa.

"Mama, unatafuta lake gani?"

"Ya Naivasha."

"Sawa. Na ukishapata hiyo kitabu, unataka kuifanyia nini?"

Aliangalia mlango. Nilidhani ataondoka. Badala yake akaketi, na maneno yakatoka yote kwa mkupuo. Wanaishi Kihoto, mtaa ulio kando ya ziwa. Ziwa liliingia nyumbani mpaka kwenye kimo cha dirisha, wakalala shuleni na majirani, kisha yeye na watoto wakaja kwa dada yake huku Nakuru, mtaa wa Free Area. Sasa maji yamerudi nyuma, na mume wake amepata mabati, amepata mawe, anataka kujenga palepale. Fundi anaanza Jumamosi.

"Mimi namwambia hiyo maji itarudi," akasema. "Yeye anasema ni bad luck tu, ati ilitokea mara moja. Niko na mtoto anatambaa, mzee. Nataka tu kujua kama ni mara moja."

Hilo ndilo lililokuwa swali lake. Lilikuwa limejificha nyuma ya flamingo.

Wakaenda kwenye droo za ramani. Akamtolea ramani mpya ya mji, na kando yake akatandika ramani kuukuu ya wapima ardhi, ya enzi za mkoloni, iliyogeuka rangi ya chai. Akamwonyesha reli kwenye zote mbili, akaondoa mkono. Yule mama akatembeza kidole chake kutoka kwenye reli, akafuata barabara, akashuka taratibu mpaka Kihoto kwenye ramani mpya. Kisha akafanya hivyohivyo kwenye ile ya zamani. Kidole kikasimama ndani ya buluu ya ziwa. Mkutubi akamletea na magazeti yaliyojalidiwa, akamsomea Kiingereza na kumfasiria, habari za maji yaliyokuja na kurudi na kuja tena kabla yeye hajazaliwa.

"Kwa hivyo tusijenge?" akauliza.

"Hiyo, mama, siwezi kukuambia."

Nilishindwa kuvumilia. "Si umwambie tu!" nikaropoka, na maktaba nzima ikageuka. Aliniangalia juu ya miwani yake mpaka nikainamisha kichwa kwenye gazeti langu. Kisha akamgeukia yule mama. "Hii ramani inasema maji ilikuwa hapa. Hii gazeti inasema ilirudi. Ya kesho, hakuna kitabu hapa iko nayo." Akamtolea nakala, na chini ya kila nakala akaandika imetoka wapi na iko rafu gani. "Bwana akikataa, mwambie akuje ajionee."

Saa ya chai nilimwandama. Nilimwambia ni mwoga. Mtoto anatambaa kwenye njia ya maji, na yeye anajificha nyuma ya kanuni za ofisi! Alikoroga chai yake kwa muda. "Wewe uko na gazeti," akasema. "Kazi yako ni kuambia watu. Yangu ni kuwafikisha." Sikuridhika, na nilimwambia sijaridhika.

Siku mbili baadaye mume akaja kweli. Alikuja na hasira yake tangu Naivasha, na haikuwa imepoa njiani. "Nani ameambia bibi yangu tusijenge?"

"Hapa hakuna mtu amemwambia hivyo. Karibu. Ulitaka kujua nini?"

"Nataka kujua ni nani amemwambia!"

"Twende tuone," akasema mkutubi, akashika kona ya meza, akainuka, akaanza kuchechemea kuelekea kwenye droo. Na kwa kuwa ni vigumu kugombana na mgongo wa mtu anayekwenda zake, yule bwana akamfuata. Ramani mbili zikatandikwa. Kidole kilichopasuka kwa saruji kikaanza kwenye reli, kikashuka, kikasimama. Kikarudi kwenye reli, kikashuka tena, mahali palepale.

"Nani alichora hii?" akauliza, sauti sasa imeshuka.

"Wapimaji wa zamani."

"Walikuwa wananijua?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa, akaondoka bila kuaga. Kama alijenga au hakujenga, hatukujua. Nilimsihi mkutubi atafute habari zao, akasema mtu akitoka na jibu ni lake, maktaba haimfuati nyumbani. Nilimwona ana moyo mgumu. Lakini mvua kubwa iliyofuata, ziwa lilipopanda Kihoto tena, nilimkuta na gazeti la siku hiyo. Alikuwa akitazama picha za watu waliobeba magodoro vichwani, sura moja baada ya nyingine, na chai yake ilikuwa imepoa.

Siku hizi watu huniuliza maktaba ni ya nini, wakati jibu liko mfukoni. Mimi mwenyewe nina simu, na huitumia, nisijifanye mtakatifu. Simu hujibu kabla hujamaliza kuuliza. Tena siku hizi inaongea kwa adabu na kukusifia swali lako, jambo ambalo mzee wangu hakulifanya hata mara moja. Hata hivyo, naona watu wenye majibu mengi wakigombana kuliko zamani, kwenye baa, kwenye kanisa, kwenye makundi ya familia ya mtandaoni. Kila mmoja ana jibu aliloletewa akiwa ameketi. Nikienda maktaba nakuta viti vimejaa vijana kutoka kila mtaa, wengi wamekuja na vitabu vyao wenyewe kusomea mtihani wa uhasibu. Wanapenda utulivu na meza, na hilo si haba. Lakini wachache wao huikaribia ile pembe yenye vibandiko vyekundu, na wanaoikaribia hunipa moyo.

Tulimzika nyumbani kwao, upande wa Molo, kwenye ukungu na matope mekundu. Mheshimiwa mmoja alichelewa, akahutubia, akaondoka kabla ya jeneza kushushwa, mambo mnayoyajua. Kisha mshereheshaji akauliza kama kuna rafiki mwenye neno. Nilikuwa nimeandaa hotuba yangu, safi kabisa, lakini mtu mwingine alinitangulia. Alikuwa mwanamume mfupi mwenye mikono ya saruji. Nilimtambua kwa ile mikono. Nyuma yake aliketi mke wake, na kati ya viti vya plastiki alikimbia mtoto msichana ambaye nilipiga hesabu nikajua kuwa ndiye aliyekuwa akitambaa.

"Mimi si mtu wa kuongea," akasema. "Na huyu mzee tulionana mara moja tu. Nilienda kwake na vita. Nilikuwa nimeambiwa na bibi yangu, na ndugu yangu, na pastor, wote wananiambia usijenge hapo, na nilikuwa nimeamua najenga. Yeye hakuniambia kitu. Alinionyesha." Akapangusa uso kwa kofia. "Tulijenga huko juu, ng'ambo ya barabara. Maji ilirudi na ikafunika ile place yote. Mimi najijua. Huyu mzee angeniambia nisijenge, ningejenga."

Akaketi. Sikutoa hotuba yangu. Sikuwa na kitu cha kuongeza, na pia nilikuwa nalia.

Tuna methali tunayoipenda mno: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tunaoandika magazetini, na wahubiri, na wazazi, na waheshimiwa, tunapenda sana kuwa huyo mkuu. Tunasema letu, halafu tunasimama kando kungoja guu livunjike tupate kusema, si nilikwambia? Yule mkutubi hakujali kuwa mkuu. Alijali guu. Alijua kuwa mtu mzima aliyeambiwa hubaki na deni la kushindana na aliyemwambia, lakini aliyeona kwa kidole chake hana wa kushindana naye. Kwa miaka yote nimewaambia nyinyi mambo kila wiki. Nadhani sasa nitajaribu zaidi kuwaonyesha nilikoyatoa, na kama ni mawili nitawapa mawili.

Niliporudi kutoka Molo nililikumbuka lile jambo dogo lililonitoka kichwani. Nikapiga simu tena maktaba. Mama wa mezani akapokea, yule wa kitabu cha flamingo, nikamwuliza. Ni jambo rahisi, na nina hakika alilijua palepale.

"Na ukishapata, boss," akaniuliza, "unataka kulifanyia nini?"

Nikamwambia.

"Haya, usikate," akasema. Na kabla hajailaza simu mezani, nikasikia kiti kikisukumwa nyuma.